Mwezi Haugongi Mtu

Kuna hesabu inayopendwa sana nchini kwetu, na miji midogo imeirithi kutoka mikoani bila kuiuliza swali. Mwezi ukiisha, idadi ya ajali za barabarani inapangwa kando ya idadi ya mwezi uliotangulia. Ikiwa ndogo, doria imezaa matunda. Ikiwa kubwa, madereva wamezidi uzembe, au mwezi wenyewe ni wa mikosi. Na Desemba hukumu yake hutoka kabla haijaingia. Maneno haya utayasikia kwenye mkutano wa hadhara, redioni, na kijiweni kwa waendesha bodaboda, kila mtu akiyasema kana kwamba ni jambo lililokwisha kuthibitishwa. Ninayapinga, na mahali pazuri pa kuyapingia ni Choma cha Nkola, mji mdogo wa wilaya ya Igunga mkoani Tabora, kwa kuwa udogo wa mji ndio unaoivua nguo hesabu hii. Kwa mji wa kiasi hicho, kupanda na kushuka kwa ajali mwezi hadi mwezi hakusemi karibu lolote juu ya usalama wa barabara zake. Anayetaka kujua watu wanaumia kwa nini aache kuuliza ni mwezi gani, aulize ni wapi.

Tuseme kuna mji wa kufikirika, ukubwa wake kama Choma, ambao kwa wastani hupata ajali mbili kwa mwezi. Tuseme pia kwamba mwaka mzima hakibadiliki kitu: barabara ni zilezile, pikipiki idadi ileile, trafiki walewale, mvua haiongezi wala kiangazi hakipunguzi. Wengi wangetarajia daftari la mji huo lisomeke mbili, mbili, mbili, kuanzia Januari hadi Desemba. Halitasomeka hivyo hata kidogo. Hesabu ya matukio ya nadra, aliyoiandika Mfaransa Siméon Denis Poisson mwaka 1837, inaonyesha kwamba katika miezi 12 ya mji huo tutegemee mwezi mmoja au miwili isiyo na ajali yoyote, na mmoja au miwili yenye ajali nne au zaidi. Yaani kutoka sifuri hadi nne, na barabarani hakuna kilichotokea kipya. Sasa fikiria mwezi wa sifuri ukifuatwa na mwezi wa nne. Wazee wataitwa, sadaka itatolewa, mtu atasimama na kusema kuna kitu kimeingia mjini. Na mwezi wa nne ukifuatwa na wa mbili, taarifa itasema ajali zimepungua kwa asilimia 50. Asilimia hiyo haina kosa la kimahesabu. Kosa lake ni kwamba imetolewa kwenye ajali nne, na kwenye ajali nne asilimia ni kilemba kwenye kichwa cha mtoto mchanga.

Msomaji mwenye shaka, na shaka ni haki yake, aende Prussia ya karne ya 19. Mwanauchumi Ladislaus von Bortkiewicz alichapisha mwaka 1898 hesabu ya askari wa farasi waliouawa kwa mateke ya farasi wao. Alichukua vikosi 10 kwa miaka 20, jumla ya miaka 200 ya kikosi, na vifo 122. Katika miaka 109 ya hiyo 200 hakufa mtu. Katika 65 alikufa mmoja, katika 22 wawili, katika mitatu walikufa watatu, na mwaka mmoja tu kikosi kimoja kilipoteza wanne. Mkuu wa kikosi kilichopoteza wanne bila shaka alitafutiwa lawama, na wa kikosi kisichopoteza mtu labda alipewa nishani. Lakini mgawanyo wote huo unalingana, karibu nambari kwa nambari, na ule ambao ungepatikana kama farasi wote wangekuwa na ukali mmoja na makamanda wote busara moja. Ukitaka kupunguza vifo vile, kumsifu au kumtisha kamanda wa mwaka huu hakukusaidii. Inabidi uangalie zizi, namna farasi anavyofungwa, na upande ambao askari anamkaribia.

Hapa ndipo doria inapopata sifa isiyo yake. Operesheni kali hazianzishwi mwezi mtulivu. Huanzishwa mwezi uliotisha. Katika mji wetu wa kufikirika, baada ya mwezi wa ajali nne uwezekano ni sita kwa saba kwamba mwezi unaofuata utakuwa na ajali pungufu ya nne, hata trafiki wote wakipewa likizo. Kwa hiyo doria yoyote, iwe ya tochi, ya kukagua leseni au ya kukamata mishikaki, itaonekana imefaulu mara sita kati ya saba kabla haijaanza. Hata mganga akiitwa kuzindika barabara atafaulu kwa kiwango hichohicho, na ada yake huenda ikawa ndogo. Sisemi kwamba doria hazifai. Mwendo ukipungua, mtu anayegongwa ana nafasi kubwa zaidi ya kupona. Hilo ni fizikia, si maoni. Ninachosema ni kwamba kulinganisha mwezi na mwezi hakuwezi kutuambia doria ipi ilifaa na ipi ilikuwa kelele, na wanaoitumia hesabu hiyo kama ushahidi wanajinyima nafasi ya kujifunza kutoka kwenye kazi yao wenyewe.

Nitajibiwa kwamba Desemba ni Desemba, kila mtu anajua. Basi tutazame misiba mikubwa ya ukanda wetu. Mabasi ya AM Coach na Sabena yaligongana Mlogolo, Sikonge, Agosti 2014. Mabasi mawili ya City Boy yaligongana uso kwa uso Maweni, wilayani Manyoni, Julai 4, 2016, wakafa watu wapatao 30. Basi la kampuni hiyohiyo liligongana na Fuso pale Makomero, ndani ya wilaya ya Igunga yenyewe, Aprili 4, 2018, wakafa 12. Kahama ilizika watu 20 kwa ajali moja Agosti 2022. Tukitoka nje ya ukanda, ajali ya basi ya Changarawe karibu na Mafinga ilikuwa Machi 2015, na watoto 32 wa shule ya Lucky Vincent waliangamia Karatu Mei 2017. Orodha hii haithibitishi kwamba Desemba ni salama, na nisingependa itumiwe hivyo: upande wa Kenya, ajali ya Migaa iliyoua watu 36 ilitokea Desemba 31, 2017. Inathibitisha jambo dogo zaidi, kwamba kumbukumbu yetu inachagua. Msiba wa Desemba unatiwa kwenye kapu la Desemba, wa Aprili unaitwa bahati mbaya, na kapu linazidi kujaa.

Hoja yenye uzito zaidi ni ya majira. Igunga ni wilaya ya pamba, na mtu atasema kwa haki kwamba msimu wa kuuza ukifunguka barabara si zilezile: malori yanaingia vijijini, fedha inaingia mifukoni, pikipiki mpya zinanunuliwa na vijana ambao jana walikuwa wanaendesha baiskeli, mikokoteni ya maksai inarudi gizani bila hata kipande cha kiakisi mwanga nyuma. Masika nayo inaharibu barabara za vumbi, na siku ya gulio si sawa na siku ya kawaida. Yote kweli, na nayakubali bila kinyongo. Lakini angalia hoja hiyo inatupeleka wapi. Kama safari zimeongezeka mara mbili na ajali zimeongezeka mara mbili, hatari ya kila safari haijaongezeka hata chembe. Kilichoongezeka ni watu kutembea. Aliyesema mwezi huo ni mbaya amehesabu majeruhi akasahau kuhesabu wasafiri. Zaidi ya hapo, anayeamini majira hana sababu ya kulinganisha Julai na Juni. Alinganishe Julai na Julai zilizopita, miaka mitano au sita, na azigawe kwa wingi wa vyombo vilivyopita. Hoja ya majira, ikifuatwa hadi mwisho, inaibomoa taarifa ya mwezi kuliko ninavyoweza kuibomoa mimi.

Nimezungumza hadi sasa kana kwamba daftari lenyewe linaaminika. Tulipime. Mwaka 2013 takwimu za polisi zilionyesha ajali zaidi ya 23,000 nchini na vifo kama 4,000, maana yake kifo kimoja kwa takriban ajali sita. Katika salamu zake za mwaka mpya wa 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitaja ajali 1,735 kwa mwaka 2024 na vifo 1,715. Nambari hizi mbili za mwisho zisomwe taratibu. Vifo vimepungua kwa zaidi ya nusu, lakini ajali zimeporomoka hadi chini ya moja ya kumi, na sasa karibu kila ajali ina maiti yake. Kuna njia mbili tu za kulieleza hilo. Ama ndani ya miaka 11 barabara za Tanzania zimekuwa za ajabu kiasi kwamba hakuna anayegongwa akavunjika mguu akabaki hai, ama ajali zisizoua hazifiki tena kwenye hesabu inayotangazwa. Ya kwanza haiwezi kusemwa bila kucheka mbele ya wodi yoyote ya mifupa. Hata vifo vyenyewe havihesabiwi vyote: kwa mwaka 2016 polisi waliandika 3,256, na Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2018, likakadiria zaidi ya 16,000. Mtu anaweza kubishana na makadirio hayo, na makadirio hubishaniwa, lakini tofauti ya mara tano haizibwi na ubishi wa mbinu peke yake.

Kwa mji mdogo pengo hilo ni pana kwa namna yake. Ajali ya kawaida ya mji kama Choma haihusu basi. Ni bodaboda aliyekwepa mbuzi akaangukia mtaro, au toyo lililozidishiwa magunia likapinduka kwenye tuta, au mwendesha baiskeli aliyekwaruzwa na lori usiku. Ikitokea, watu wanakusanyika, wanashauriana, aliyemgonga mwenzake anatoa fedha ya matibabu, yanaisha palepale. Hakuna mwenye haraka ya kwenda kuchukua PF3 polisi wakati pikipiki haina bima na leseni haipo. Hospitalini mgonjwa anasema ameanguka, na ni kweli ameanguka. Kwa hiyo idadi ya mwezi ya mji mdogo inapima vitu viwili vilivyochanganyika, ajali zilizotokea na ajali zilizoshindikana kumalizwa kienyeji. Mwezi ambao askari mpya mwenye bidii amehamia kituoni utaonekana mbaya. Mwezi ambao karatasi zimeisha utaonekana mzuri.

Watetezi wa taarifa ya mwezi wana hoja moja ya kiutawala ambayo siwezi kuipita. Wanasema mwezi ndio kipimo cha uwajibikaji: bila nambari ya kila mwezi mkuu wa polisi wa wilaya ataulizwa nini? Ni swali zuri. Lakini kumwajibisha mtu kwa nambari inayopanda na kushuka yenyewe ni sawa na kumwajibisha bwana shamba kwa mvua, na mtu anayewajibishwa kwa mvua hujifunza upesi jinsi ya kupima mvua vizuri, yaani chombo kikae chini ya mti. Silaumu watu, naeleza jinsi kipimo kibovu kinavyofinyanga kazi. Afisa anayejua kwamba jalada jipya litaharibu asilimia ya mwezi hana sababu ya kulifungua kwa mguu uliovunjika ambao familia mbili zimeshaelewana. Aulizwe badala yake ni sehemu zipi tano katika eneo lake zinazoumiza watu zaidi, na kila moja imefanyiwa nini tangu mwaka jana. Swali hilo halijibiki kwa kufunga majalada. Linajibika kwa kuyafungua.

Halafu kuna pingamizi ambalo halisemwi kwa sauti ila ndilo lenye mizizi. Neno lenyewe ajali tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni muda uliopangwa, siku ya mtu iliyokwisha kuandikwa. Tunaposema ajali haina kinga tunarudia maana hiyo bila kujua. Na mtu akisikia hoja yangu kwamba miezi inapanda na kushuka kwa nasibu, anaweza kudhani ninaungana naye: si umesema mwenyewe ni bahati? Hapana. Kilicho cha nasibu ni ajali kuangukia Machi badala ya Aprili. Kutokea kwake kwenye kona ileile iliyozibwa na vibanda, saa ileile ya magharibi ambapo mkokoteni hauonekani, hakuna nasibu ndani yake. Farasi wa Prussia hawakuwa na ratiba ya miezi, lakini mateke yao yaliua waliopita nyuma yao. Ndiyo maana sipendezwi pia na pacha wa imani hii, yule anayevaa suti ya kitaalamu na kuitwa makosa ya kibinadamu. Katika salamu zilezile za mwaka mpya karibu robo tatu ya ajali zilihesabiwa kutokana na makosa ya watu. Sina shaka dereva alikosea. Lakini binadamu anakosea Choma, anakosea Nzega, anakosea Dodoma, na bado ajali hazitapakai sawasawa barabarani kama mchanga, zinarundikana. Kinachoeleza rundo si kosa lililo kila mahali, ni kitu kilicho pale tu. Mwezi unalaumiwa, dereva analaumiwa, na mahali panaachwa kama palivyo hadi watu wengine wafike.

Wenyeji wa nchi hii waliwahi kuyajua haya vizuri kuliko sisi. Wapagazi wa Kinyamwezi walioshusha pembe za ndovu hadi Bagamoyo na kurudi na vitambaa Unyanyembe walikuwa na hofu nyingi za njiani, na hofu zao walizipa majina ya mahali. Pori kavu kati ya Ugogo na Unyanyembe waliliita Mgunda Mkali. Halikuitwa kwa jina la mwezi, ingawa kiangazi kilizidisha ukali wake. Kirangozi wa msafara hakuhitaji kujua mwaka huu wangapi walikufa kwa kiu kulinganisha na mwaka jana. Alihitaji kujua maji ya mwisho yako wapi na ya mbele yako umbali gani, akapanga mwendo wa msafara kwa kufuata hilo. Na kwa anayetaka mfano wa lami, uko Kenya, kwenye mteremko wa Salgaa na Sachangwan katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret. Kwa miaka mingi ajali za mteremko ule zilielezwa kwa madereva wanaoshuka gia huru, kwa usiku, kwa sikukuu. Lori la mafuta lilipoteketea Sachangwan Januari 2009 likaua zaidi ya watu 100, maelezo hayakubadilika sana. Baada ya ajali ya Migaa, kwenye barabara hiyohiyo, jibu la kwanza la serikali lilikuwa kupiga marufuku mabasi ya masafa marefu kusafiri usiku. Kilichokuja kupunguza kwa kiasi kikubwa kugongana uso kwa uso kilikuwa barabara kupanuliwa na wanaopanda kutenganishwa na wanaoshuka kwa ukuta wa zege. Madereva waliobaki ni walewale, na Desemba inaendelea kuja kila mwaka.

Sitarajii ukuta wa zege Choma, wala hauhitajiki. Mtu atasema mji mdogo hauna fedha ya utafiti. Kinachohitajika ni kaunta buku moja kwenye ofisi ya mtendaji wa kata na jingine kwenye meza ya mapokezi pale majeruhi wanapotibiwa, lenye safu za mahali, saa, vyombo, mwanga na walioumia, hata aliyechubuka goti, bila jina la mtu na bila kumpeleka yeyote mahakamani. Waendesha bodaboda waulizwe mara moja kila baada ya miezi mitatu ni wapi wanapunguza mwendo kwa hofu. Watakubaliana kabla chai haijapoa, maana wao wanapita huko mara thelathini kwa siku. Kuna atakayelalamika kwamba kusubiri miaka mitano ili nambari zikue ni kuacha watu wafe. Lakini anayesubiri ni yeye mwenye kuhesabu miezi, kwa kuwa ajali mbili kwa mwezi zitamchukua miaka kabla hazijamwambia kitu cha kuaminika. Mahali husema mapema. Majeruhi wanne kwenye daraja moja kati ya madaraja yote ya kata ni habari tayari, iwe walianguka katika mwezi mmoja au katika kumi na minne. Na kuna sababu nyingine, ya kiofisi kabisa. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, za wilaya ziko chini ya TARURA tangu 2017, na kwenye makutano ya hizo mbili kila mmoja ana sababu ya kumtazama mwenzake. Barua inayosema ajali za Julai zimeongezeka kwa asilimia 100 haina ofisi ya kupelekwa. Itasomwa, itapigwa muhuri, itakaa. Barua inayosema kalavati lile, upande wa kushoto ukitoka sokoni, kingo imevunjika na watu wamelitumbukia baada ya saa moja jioni, hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe ana fundi.